Inspekta Aliyejua Tulikokimbilia

Wapo watu hapa Bunia ambao, hata leo, wakimtaja hushusha sauti kwa heshima. "Ile muzee alikuwaka mutu wa kweli," wanasema. "Ni vita ndiyo iliharibu yeye." Mimi nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Vita viliwaharibia wengi vitu vingi: nyumba, mashamba, masomo, miguu. Lakini sijaona vita vinavyomshika mtu mzima mkono na kumpeleka akamuuze jirani yake. Huko alikwenda mwenyewe, suruali imepigwa pasi.

Tulimwita Inspekta. Jina lake silitaji, kwa sababu ana wajukuu ambao hawajanikosea kitu. Alikuwa mpelelezi wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na nyumba yake ilikuwa mtaani kwetu, upande wa pili wa njia. Sisi ni watu wa Butembo. Baba alituleta Bunia kuuza vitenge, akafa, mama akaendelea na duka. Nilikua nikimwona Inspekta kila asubuhi anapita kwa miguu kwenda kazini, anasalimu kila mlango, na anajua nani anaumwa na nani amejifungua. Watoto tulimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Wapelelezi wengine walijulikana kwa fimbo. Mshukiwa akiletwa, mtaa mzima unasikia. Inspekta hakumpiga mtu hata kofi, na alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia ng'ombe wake. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Tena hakuulizia ofisini wala sebuleni. Ukimkaribisha kwenye kiti kizuri anashukuru, kisha anapita moja kwa moja hadi jikoni, anavuta kigoda karibu na mafiga, anachukua ungo wa maharage wa mama mwenye nyumba na kuanza kuchambua. Mawe huku, maharage kule. "Sebuleni batu banasemaka adabu," alikuwa akisema. "Kweli iko jikoni." Wanaume walimcheka kwamba ni mpelelezi wa kike, naye alicheka nao bila kuacha kuchambua.

Akiwa pale hakuuliza mtu aliyepotea alikuwa na adui gani. Aliuliza: alipokuwa mgonjwa nani alimpikia uji? Akiona haya alikwenda kwa nani? Nyumba gani ya watu wengine alikuwa akirudi ameshiba? Maana alikuwa na neno lake ambalo mtaa mzima ulilijua: "Mutu akikimbia, hatafutaki fasi ya kujificha. Anatafutaka fasi alishibaka."

Kulikuwa na msichana wa jirani zetu aliyeshindwa mtihani wa serikali, akatoweka. Ndugu zake walikwenda kuchokoa mto kwa miti mirefu, wakidhani amejitupa. Mama yake alikuwa amekwisha kulia sauti ikakauka. Inspekta akaketi na bibi wa yule msichana, wakachambua maharage mpaka ungo ukaisha, na siku iliyofuata alikwenda Bogoro kwa mama mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa familia ile. Akamkuta msichana ameketi barazani anapukuchua mahindi. Mwizi wa ghala la misheni naye alimpata vivyo hivyo, kwa mama yake wa kambo, sahani ya bugali na sombe mbele yake. Inspekta alimwacha amalize kula, akangoja hata anawe mikono, ndipo akamwambia twende. Habari hiyo ilizunguka mji mzima. Watu waliipenda kuliko habari ya mwizi kukamatwa.

Ndipo ikaja midali. Mkubwa mmoja alishuka kwa ndege kutoka Kisangani, akambandika Inspekta midali kifuani kwenye kiwanja cha mpira, bendi ikapiga, na mama yangu alipika kuku. Tulijivuna kana kwamba midali ni ya mtaa. Na kwa kweli wezi walianza kuzunguka mbali ili wasipite kwetu.

Alikuwa na vituko vyake. Alirudisha baiskeli nyingi za watu lakini mwenyewe hakujua kuendesha. Alikuwa akizisukuma kwa mkono toka Mudzipela hadi parke, jasho linamtoka, na vijana wanamwuliza kama baiskeli nayo imefungwa pingu. Masengenyo aliyachukia. Mtu akianza kumsema mwenzake asiyekuwepo, Inspekta anainuka na kuaga. Fikiria hilo: mtu ambaye kazi yake ni kujua siri za watu, hataki kusikia mtu akisengenywa. Sisi tulisema huo ndio uungwana. Leo nadhani hakutaka tu kusikia kitu ambacho hakukiuliza yeye mwenyewe.

Wanaomtetea husema mshahara ulikuwa umekufa siku nyingi kabla ya vita, na hiyo ni kweli. Serikali ilikuwa mbali, na mke wake ndiye aliyelisha nyumba kwa mandazi. Siku moja alimrejeshea mtu mbuzi zake walioibwa, akabaki na beberu mmoja, "juu ya miguu yangu," yaani malipo ya kutembea kwake. Watu walicheka. Hata Inspekta anakula, walisema, si malaika. Kisha kuna redio iliyopatikana na isiyomrudia mwenyewe. Kisha kuna mshukiwa aliyeachiliwa na hakuna aliyejua sababu. Sikatai kwamba njaa ilikuwepo. Lakini mtaa ule wote ulikuwa na njaa, na mwalimu wangu wa shule ya msingi, ambaye hakulipwa hata yeye, alilima mihogo na hakumuuza mtoto wa mtu.

Halafu vita vikaingia mjini. Waliotwaa mji mara ya kwanza walifunga parke, na mahakimu wakakimbia. Inspekta hakukimbia. "Bakubwa banapita, kazi inabakia," aliwaambia watu. Wale wenye bunduki walimpa chumba, kiti na askari, wakamwita mkubwa wa usalama. Walipofukuzwa, waliowafukuza wakamkuta kwenye kiti kile kile, na wao pia wakamwacha. Kila kundi lililoingia lilimhitaji, kwa sababu wao walikuwa wageni mjini na yeye alijua kila jiko. Akapata pikipiki, na dereva wa kuiendesha, maana kuendesha bado hakujua.

Sisi tulifurahi, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Tulisema tuna mtu wetu ndani. Wazee walikumbushana kwamba mchawi mpe mwana alee. Hata kama wakubwa zake ni wabaya, yeye atatuangalia. Na watu wa mji huu tuna tabia moja ambayo sijui kama kwingine ipo. Mtu wetu akipotea, tunakwenda kudeklare. Serikali iwe imekufa, ofisi iwe haina mlango, risasi ziwe bado zinalia upande wa uwanja wa ndege, mama atafunga kitambaa chake vizuri na kwenda kueleza kwa mkubwa: mtoto wangu hakurudi, urefu wake ni huu, alivaa shati hili. Kwetu, mtu aliyekwisha kudeklariwa ni kama amepatikana nusu. Na wa kumdeklaria alikuwa nani mwingine kama si Inspekta?

Kaka yangu mkubwa, Yaya Paluku, alikuwa mnunuzi wa zahabu Nizi. Hakuwa tajiri. Alinunua vipande vidogo kwa wachimbaji na kuwauzia wakubwa wa mjini. Mapigano yalipofika Nizi alirudi Bunia, akakuta askari wanawasaka wanunuzi wote wa zahabu. Kila aliyekuwa na zahabu aliitwa adui, awe wa kabila lolote. Yaya akaondoka bila kuaga ili tukiulizwa tusiwe na la kusema. Mke wake alikuwa ananyonyesha. Mama alingoja, akangoja, akashindwa, akafunga kitambaa chake na kwenda kwa Inspekta.

"Rudia nyumbani, Mama Paluku," alimwambia. "Hapa kuna masikio ya batu. Nitakuja mwenyewe."

Akaja mchana. Nilikuwepo, nikipuliza moto. Aliketi kwenye kigoda kama siku zote, akavuta ungo.

"Huyu Paluku," alisema, akitupa jiwe pembeni, "wakati alikuwa mutoto, weye ulikuwaka unashinda mu soko. Nani alikuwaka anamupatia chakula?"

"Dada yake," mama akasema, akinielekeza mimi, maana ingawa Yaya alinitangulia kuzaliwa, mpishi wa nyumba nilikuwa mimi. "Na vakansi zote, masomo ikifungwa, alikuwaka Irumu, kwa shangazi yake."

"Shangazi alikuwaka anamupenda?"

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Yaya aondoke. "Eh, Inspekta! Alikuwaka anamupikia mahindi mubichi mupaka anakataa kurudia huku. Siye tulikuwaka tunamufuata na fimbo."

"Shamba ya shangazi iko mbali na barabara?"

"Iko nyuma ya shapeli ya mapadri. Karibu na maji."

Inspekta akaitikia kwa kichwa. Alimaliza kuchambua, akapepeta makapi, akamkabidhi mama ungo kwa mikono miwili. "Usilie, Mama Paluku," akamwambia. "Tutamuona."

Baada ya hapo tulipumua. Siwezi kueleza jinsi nyumba ilivyopata wepesi. Mama alilala. Wifi yangu, mke wa Yaya, alifua nguo za mume wake zote.

Kisha shangazi akatokea kwa miguu kutoka Irumu, miguu imevimba. Alikataa maji. Alisema Inspekta alifika kwake mchana kweupe, gari ameliacha barabarani. Alimwamkia vizuri, akamwita shangazi, akasema: "Mama yake ndiye amenituma." Yaya alikuwa ndani ya mahindi. Watu wengine walikuwa wamekuja kumwita kabla, hata rafiki zake, na hakutoka. Aliposikia sauti ya Inspekta alitoka anacheka, tope hadi magotini. Shangazi alimfungia mahindi ya kutuletea. Wakaenda pamoja hadi barabarani, wakaongea kama baba na mwana, na Inspekta akamfungulia mlango wa gari lililojaa askari. Hatukumwona tena.

Mama alivuka njia akaenda kwake. Alimpokea na chai! "Irumu sijafika, Mama Paluku," alisema. "Shangazi ni muzee. Woga ya vita imemuchanganya kichwa."

Labda tungeendelea kumwamini, maana moyo unapenda kudanganywa na mtu uliyemzoea. Ila wanawake hukutana kisimani. Siku moja mama alikuwa kwenye foleni ya maji na mwanamke wa mtaa mwingine ambaye mume wake, naye mtu wa zahabu, alikuwa amepotea. Mama akamwuliza kama amedeklare. Akasema ndiyo, Inspekta alikuja hadi jikoni.

"Na kwako alichambua maharage?" mama akauliza.

"Kwangu ilikuwa muchele."

Mwanamke mwingine nyuma yao akaweka bidoni lake la maji chini. "Kwangu ni dagaa," akasema. "Alitoa vichwa yote."

Hapo kisimani wakaanza kulia, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka alichojibu. Mmoja alitaja rafiki wa mume wake, mwingine padri mstaafu, mwingine nyumba ya mke mdogo ambayo alijidhalilisha kuitaja. Na kila mahali walipotaja, gari lilifika. Baadaye maiti za wawili zilionekana kwenye mashamba ya kahawa nje ya mji. Familia moja ilikuwa imekwisha kutoa zahabu yote waliyodai askari ili aachiliwe, na mtu wao aliuawa vilevile. Waliouawa walikuwa wanamjua Inspekta kwa sura, wangerudi wangesema. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini huyu hakuwa hata nguoni. Alikuwa jikoni, tumemwekea kigoda.

Watetezi wake hunijibu kwamba hakuna aliyemwona akiua. Ndiyo, najua. Mikono yake ilibaki safi hadi mwisho. Kufunga kamba na kuchimba shimo ilikuwa kazi ya wengine. Yeye aliuliza tu. Alichukua kile ambacho mama anakijua kuhusu mtoto wake na hakuna mwingine anayekijua, upendo wenyewe, akaugeuza ramani ya wauaji. Mtu akiniambia hilo ni dogo kuliko risasi, sitaki kuketi naye meza moja.

Mama hakumlaani. Afadhali angelaani. Alijilaani mwenyewe. "Ni mimi nilionesha njia," alisema, na tangu hapo swali likawa sumu kwake. Ukimwuliza chumvi iko wapi, ananyamaza. Mteja akiuliza kama kitenge kinachuja rangi, anatazama pembeni, na mimi ndiye ninajibu. Na matanga ya Yaya hayakufanyika. Kwetu huwezi kumlilia mtu kabla ya kuona mwili au kumsikia aliyemwona amekufa. Ukimlilia aliye hai, unamwita kifo. Basi wifi yangu akabaki hapo katikati, si mke wala mjane. Ndugu zake walitaka arudi kwao, wazee wetu wakasema atoke vipi na mume bado anatafutwa? Watoto wake walikua wakisema baba yuko safarini. Kitu kimoja tu ndicho mama alitaka: mtu aliyejua aseme kwamba Paluku amekufa. Hakutaka hata kuambiwa nani aliua.

Vita vilipopoa na magari meupe ya askari wa kigeni yakajaa mjini, parke ilifunguliwa. Nilikwenda. Hakimu kijana alinisikiliza kwa adabu, akauliza shahidi. Shangazi alikuwa amekwisha kufa. Wanawake wa kisimani wengine walihama, wengine wana waume wapya na wanaogopa. Hakimu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mtu huyo ana midali. Nikamwambia najua, tulimpikia kuku.

Na Inspekta? Alistaafu. Alijenga nyumba ya matofali yenye ukuta, kwenye barabara kubwa, akaacha mtaa wetu. Tarehe thelathini ya mwezi wa sita, siku ya uhuru, alivaa midali na kuketi na wakubwa. Miaka ikapita hivyo, na kila mwaka nilitamani jukwaa lile limwangukie.

Mara ya mwisho nilipomwona, alikuja dukani kwetu. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa, wapakiaji wanapita na magunia. Mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, akataka kitenge. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, kofia ya sufu kichwani. Sidhani alikosea duka. Nadhani aliona miaka imetosha.

"Mama Paluku," alisema, mpole kama zamani, "ile ya bluu, unaweza kunioneshea?"

Wifi yangu alikuwa anakunja vitambaa. Mikono yake ilisimama. Mama aliteremsha kitenge, akakiweka juu ya meza, akakilalia kwa viganja viwili.

"Unaniitaka na jina la mutoto yangu," akasema. "Sasa nami ninauliza, mara moja tu. Siulizi nani. Siulizi fasi gani. Paluku alikufa?"

Inspekta akatazama mlango, akatazama kitenge. Kisha akajibu kwa sauti ya ofisi: "Mama, dosié ya mutoto yako haiyafungwa. Bado tunatafuta."

Bado tunatafuta! Mtu amestaafu, hana ofisi, hana kiti, hana jalada la mtu yeyote, anamwambia mama yangu bado wanatafuta. Nilishika rula ya kupimia nguo, na Mungu anajua nilitaka kuifanyia nini. Lakini mama alinipita. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, nywele zake nyeupe zikaonekana na soko zima. Akatoka mbele ya duka, akaketi chini kwenye vumbi, miguu amenyoosha, akapiga ukemi wa msiba. "Paluku eeh! Paluku mutoto yangu eeh!" Hakuwa ameutoa ukemi huo miaka yote ile, na ulitoka wote.

Kwetu ukemi ule hauhitaji maelezo. Wapakiaji walishusha magunia. Dereva wa pikipiki alizima injini. Wauza nyanya wakaanza kuitikia kabla ya kujua nani amekufa. Wanaume wote, kuanzia mlangoni hadi kwenye kona ya wauza samaki, wakavua kofia zao.

Na Inspekta akavua ya kwake.

Sidhani alifikiri. Mkono ulikwenda tu, kama mkono wa mtu yeyote wa mji huu unavyokwenda. Alisimama kati ya vitenge, kofia kifuani, kichwa ameinamisha, upara wake unang'aa. Wanawake waliokuwa dukani walimwona, na kwetu mtu ambaye bado anatafutwa havuliwi kofia. Wifi yangu alimkaribia.

"Inspekta," akamwuliza, "unamuvulia nani kofia?"

Aliitazama ile kofia mkononi, na hakuweza kuirudisha kichwani. Akachukua fimbo yake akapita kati ya watu, na watu wakampisha kwa upana, kama wanavyopisha kitu kinachonuka. Kitenge alikiacha mezani.

Wifi yangu hakumtazama akiondoka. Alitoka nje, akaketi kwenye vumbi karibu na mama, akavua pete yake, akaanza kumlilia mume wake. Mimi nikafunga duka, nikaenda kuwaita watoto waje kwenye matanga ya baba yao.